Siku Tuliyozichambua Karatasi za Maalim Faki kwenye Jamvi la Karafuu

Nakumbuka siku moja ya msimu wa karafuu nilipowaamrisha watu kumi na wawili, mama mkwe wangu akiwa wa kwanza, wafanye kazi ya chuo kikuu, na miye mwenyewe elimu yangu iliishia Fom Foo, tena nilitokea mlango wa nyuma. Usicheke bado, mwanangu. Ngoja nifike, ndipo ucheke vizuri.

Kwanza unijue. Miye ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa Vitongoji, nikaolewa Tibirinzi, na baina ya huko na huku si mbali: siku ya harusi yangu chakula kilitoka kwa mama yangu kikafika kwa mume bado kinafuka moshi. Unguja nilikwenda mara moja tu. Boti ilinitapisha tangu hatujaiacha gati, na nilipofika nikafungua mdomo kuuliza msala, yaani choo, uko wapi, wenyeji wakacheka. Si kwa sababu ya msala, kwa sababu ya lafudhi. Nikarudi. Tangu siku hiyo nimeamua kwamba dunia ikitaka kuniona, nyumba yangu inaijua.

Mume wangu, Maalim Faki, ni mtu wa aina nyengine. Alikuwa akisomesha sayansi skuli ya sekondari, na nywele zake wakati huo zilikuwa bado hazijamhama. Akapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha Bara, masomo ya teknolojia ya elimu; yaani, kama alivyonieleza kwa kunihurumia, namna ya kusomeshea kwa mitambo. Mengi akiyasoma hapa hapa nyumbani kwa kompyuta, na mara chache akivuka kwenda kuonana na msimamizi wake, Daktari mmoja mwanamke, mwenye sauti laini na maneno makavu.

Huyo Daktari ndiye aliyemtaka aandike lengo lake la masomo kwenye karatasi na kulibandika mahali atakapoliona kila siku. Maalim akalibandika kwenye mlango wa kabati la vyombo. Kwa hivyo aliyeliona kila siku ni miye.

Lengo la kwanza lilisema: Kila mtoto wa Pemba apate kishikwambi.

Mama mkwe wangu, Bi Mize, aliposomewa alishtuka. "Kishikwambi ndiyo nini? Ndiyo hii inayonishika miye mgongo kila kukipambazuka?"

Tukamwambia ni kitu kama simu, ila kikubwa na bapa.

"Aa, basi. Na washikwe," akasema, akaendelea na tasbihi yake.

Miye sikungoja Maalim amalize hata kitabu kimoja. Nilitoka nalo lile lengo kama mtu aliyetoka na bakuli la futari. Kila shughuli niliyokaa, kila mlango niliosimama, nilitangaza: watoto wenu wote watapata vishikwambi, mume wangu anashughulikia. Jirani yangu Bi Raya, ambaye Mungu alimpa ulimi wa wembe na mumewe akampa muda wa kuunoa, akaniuliza kama watu wazima nao watapata. Nikamwambia watapata. Nani aliniambia? Hakuna. Ulimi ulikuwa wangu na siku hiyo haukuwa na kazi.

Miezi ikapita. Maalim akazunguka akiangalia skuli zilizokwisha kupewa vifaa vya namna hiyo, akarudi amenywea. Skuli moja alivikuta vimelala kwenye makasha yake, vimefungiwa kabatini visije vikaharibika, na kweli havikuharibika, wala havikusomesha. Akabandua karatasi, akabandika nyengine: Kutengeneza programu ya masomo ya sayansi itakayotumiwa na kila mwalimu kwenye kompyuta.

Nikatoka tena kutangaza. Bi Raya akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hongera. Na vile vishiko vyetu?"

Programu nayo ikafika pahali ikakwama, kwa kuwa mwalimu wa mbali alikuwa na kompyuta lakini hana umeme, na mwenye umeme hana kompyuta, na mwenye vyote viwili hana nafasi. Karatasi ikabanduliwa. Ya tatu ikaja, na hii, mwanangu, niliisoma nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi: Kuwa mtaalamu mshauri wa teknolojia ya elimu.

"Maalim," nikamwita, "huyu mtaalamu mshauri anakaa wapi?"

"Inategemea. Huenda Unguja. Huenda Dar."

Wallahi, nilihisi ile mbuzi inayumba kama boti. Nazi ikanitoka mkononi. Na hofu yangu ikafanya kama hofu za watu wengi zinavyofanya: ikavaa nguo ya hasira ikatoka nje.

"Weye huna lengo!" nikamwambia. "Mchagua nazi hupata koroma. Leo hili, kesho lile! Hayo si malengo, Maalim, hayo ni malengelenge. Moja likipasuka, jengine linavimba!"

Neno lilikuwa tamu, nalikiri mpaka leo. Lilikuwa tamu kiasi kwamba sikuweza kulila peke yangu. Alasiri hiyo hiyo nikampelekea Bi Raya, naye hakuwa mchoyo, akawagawia wengine. Haikwisha wiki, Maalim akipita njiani watu wanamuuliza kwa heshima zote, "Maalim, asalaam alaykum, malengelenge yanaendeleaje?"

Alirudi nyumbani akaibandua ile karatasi ya tatu, na hakubandika nyengine. Pakabaki alama ya gundi mlangoni mwa kabati, nyeupe, kama pahali palipotoka plasta. Na tangu siku hiyo hakunihadithia tena habari za masomo yake. Nikimuuliza, "Vipi chuo?" anasema, "Alhamdulillahi." Alhamdulillahi ni neno zuri, lakini mume akikujibu kwa hilo tu miezi miwili, ujue umefungiwa mlango kwa adabu.

Ukitaka kujua kosa langu la ujana, mwanangu, ni hilo. Yaliyofuata ni malipo yake, na kwa bahati njema Mwenyezi Mungu alinilipa kwa kichekesho.

Ikaingia karafuu, na mwaka huo miti ilizaa mpaka matawi yakalalamika. Ukumbini kwetu yalipangwa mapolo manne, yale magunia makubwa, yaliyojaa, yakingoja kuchambuliwa. Na ujue kuchambua karafuu si kazi ya akili: unashika kishada, unakisugua kiganjani, karafuu unaitupa huku, kikonyo chake kule. Mikono inakwenda yenyewe. Mdomo ndio unaobaki bila ya kazi, na ndiyo maana msimu wa karafuu hakuna siri inayolala salama.

Kuhusu masomo nilikuwa najua jambo moja tu, na hilo nilidokezwa na Bi Mize, maana mwanawe alimwambia yeye. Maalim alitakiwa apeleke sura ya nne ya tasnifu yake ifikapo Ijumaa. Alikwisha kuongezewa muda mara mbili. Safari hii asipopeleka, jina lake linakatwa, na miaka yote ile ya kuikodolea kompyuta inakwenda na maji.

Jumatano asubuhi Maalim akaenda Shumba kukusanya karatasi zake za mwisho, simu akaiacha nyumbani ikila chaji. Saa nne ikalia. Nikaitazama: Daktari. Nikaipokea kwa mikono miwili.

"Maalim Faki?"

"Hayupo, Daktari. Miye mkewe. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Nisikilize vizuri, mtandao wenu unakatika." Na kweli ukakatika, ukala neno, ukarudi. "…zake alizonitumia nimezipata. Zote mbichi, mama! Mbichi kabisa. Mtu mzima hapeleki kitu kama kile."

Zote mbichi! Kumbe Maalim kampelekea Daktari karafuu, na kampelekea mbichi na makonyo yake, kama mtu asiyekuwa na wazee! Kuna aibu ngapi katika dunia, mwanangu, lakini Mpemba kumpelekea mgeni wa heshima karafuu isiyochambuliwa, hiyo haina hata jina. Tena amezipitisha wapi? Karafuu kwetu ina sheria ya serikali, haitoki kisiwani kienyeji kama muhogo. Nikaona mume anakatwa jina chuoni na huku anatafutwa bandarini, siku moja.

"Tusamehe, Daktari," nikasema. "Afanyeje?"

"Azichambue. Kwanza azichambue, zote, asiache hata moja. Halafu azianike kwenye j… kwenye j…"

"Kwenye jamvi, Daktari?"

"Ndiyo, hapo hapo! Kila kitu kionekane. Na zile tupu azitenge pembeni. Ijumaa nizione. Asipofanya hivyo, mama, mimi sitakuwa na la kumsaidia tena."

Simu ikakata. Nikabaki nimesimama, naitazama kama imenitemea mate.

Alizonazo Daktari ziko Bara, basi hatuna budi kumtayarishia hizi za ukumbini; na karafuu mbichi kukauka inataka siku tatu nne za jua la nguvu, na leo Jumatano. Sikuwa na muda wa kufikiri, na ninapokosa muda wa kufikiri huwa ni hodari sana. Nikatoka uwanjani, nikapaza sauti. Akaja Bi Raya na wanawe wanne waliokuwa likizo, ingawa likizo ya msimu wa karafuu ni jina tu. Wakaja majirani wa nyuma. Bi Mize akateremka kitandani na mgongo wake. Tukatandika jamvi kubwa ukumbini, mbele ya kabati la vyombo, na miye nikatoa hotuba fupi: Daktari wa Maalim ametaka karafuu zote zichambuliwe na kuanikwa kabla ya Ijumaa, la sivyo jina linakatwa.

"Daktari wa kompyuta anataka karafuu?" akauliza Bi Raya.

"Mkubwa hahojiwi."

"Sikuhoji. Nimependa tu. Nilidhani masomo ya Maalim hayana maana, kumbe yana harufu."

Polo la kwanza likamiminwa, tukachambua. La pili. Adhana ya adhuhuri ikatukuta la tatu linakwisha, tukasali, tukala muhogo, tukarudi. Bi Raya akatia mkono ndani ya polo la nne, akautoa, akautazama.

"Kha! Zuwena," akaniita, maana hilo ndilo jina langu, "karafuu zenu hizi zina maandishi."

Alikuwa ameshika karatasi. Nikalifungua lile polo: karatasi peke yake mpaka chini, mamia, zimepangwa kwa vifungu vya kamba. Juu yake kijikaratasi kwa mwandiko wa Maalim: Majibu ya wanafunzi. Data, bado kuchambuliwa. Alizitia humo zisije zikalowa mvua, wala hakuniambia. Kwani angeniambia miye ili iweje?

Hapo, mwanangu, mtu wa shahada angeelewa kosa lake. Miye wa Fom Foo nikaliona lile neno "kuchambuliwa" nikaona kumbe na hizi nazo zimo.

"Daktari kasema ngapi?" akauliza Bi Mize.

"Zote, Mama. Asiache hata moja."

"Basi mimina."

Tukamimina. Karatasi zikaenea jamvini baina ya karafuu. Zilizojibiwa tukazitia huku, zile tupu tukazitenga pembeni kama tulivyoagizwa, sawa na karafuu na makonyo. Lakini mikono ya mchambuaji karafuu imezoea kusugua, basi karatasi nyingi zilipata madoa ya kahawia. Bi Raya hakuridhika na kutenga tu.

"Soma moja tusikie. Elimu unayo, unamwekea nani?"

Nikasoma. Maalim aliuliza watoto: Msimu wa karafuu unajisomea vipi? Mmoja kajibu: Sijisomei, nazihesabu karafuu nazo zinanihesabu. Mwengine: Nikifungua kitabu, usingizi nao unanifunga miye. Mwengine hakuandika kitu, kamchora Maalim na masikio yake, na tulimjua mara moja. Tukacheka mpaka Bi Mize akaomba mgongo wake uhurumiwe.

Halafu nikasoma ya mtoto mmoja wa Shumba, maana kila karatasi ilikuwa na jina la skuli, mwandiko mdogo, umelalia upande mmoja: Kishikwambi sina, kompyuta nimeiona pichani. Simu ya baba ipo. Msimu ukiingia mikono yangu ina kazi kutwa nzima, lakini masikio yangu yamekaa bure.

Nilitazama mikono ya watu pale jamvini. Yote inakwenda. Wanawe Bi Raya, wakubwa kwa wadogo, wanachambua, na masikio yao yote yananisikiliza miye. Ila kwa sala na muhogo, tangu asubuhi hawakuinuka.

"Hata yangu yamekaa bure," akasema Bi Raya polepole, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema kitu kisichokuwa na ncha.

Tukaanza kuzitafuta za namna hiyo. Kumbe ziko nyingi. Kila mmoja kalisema kwa maneno yake: wa Vitongoji kasema anapenda hadithi za bibi yake wanapochambua, wa kwengine kasema hukariri nyimbo za redioni zote bila ya kuzisoma. Tukazitengea fungu lao, tukaliita fungu la masikio, likapanda likawa kubwa kuliko mafungu yote.

Hapo ndipo Maalim Faki aliporudi kutoka Shumba na karatasi zake za mwisho kwapani.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam," tukaitikia kumi na watatu kwa pamoja, kama darasa.

Akatazama jamvi. Akatazama polo, tupu. Akainama akaokota karatasi moja iliyokuwa na doa na kikonyo kimenata juu yake.

"Zuwena," akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na paka aliye juu ya kabati la vyombo, "hizi ni nini?"

"Daktari kapiga simu. Kasema zote mbichi, uzichambue, uzianike kwenye jamvi."

"Kwenye jamvi?"

"Mtandao ulinipa herufi ya kwanza, Maalim. Iliyobaki nikajaza mwenyewe."

"Jedwali, Zuwena! Kwenye jedwali! Data nilizompelekea ndizo mbichi, ndizo zichambuliwe!" Akakaa kwenye kizingiti, akajishika kichwa. "Tena hizi ni siri za watoto wa watu. Nimewaahidi."

"Hazina majina," akasema Bi Raya. "Na sisi tumekwisha kuyasahau yote. Ila hilo la masikio."

"La masikio lipi?"

Nikamsogezea lile fungu. Akasoma ya juu. Akasoma ya pili, ya tatu. Akashuka kizingitini akakaa jamvini pamoja nasi, akasoma mpaka ya kumi. Halafu akamgeukia mama yake, si miye.

"Mama, miye hili nilikwisha kuliona. Ndilo nililotaka niliandike, niache yote yale ya nyuma. Nikaogopa."

"Ukamwogopa nani? Daktari?"

Macho ya Maalim yakaenda kwenye mlango wa kabati la vyombo, penye ile alama nyeupe ya gundi, yakarudi chini. Watu wote wakaelewa. Miye nikainama nikajidai natafuta karafuu iliyoanguka, na karafuu zilizoanguka zilikuwa elfu.

"Bi harusi wangu," akaniita Bi Mize. Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na mbili, lakini akitaka kunisema huniita hivyo. "Hebu lete mkono."

Nikampa. Akaukunjua wangu, akaweka wake kando. Wangu laini. Wake mgumu kama kifuu, kwa jembe la miaka yote.

"Weye ulimwambia mwanangu ana malengelenge," akasema. "Kweli anayo. Lakini lengelenge, mwanangu, halioti kwenye mkono uliolala. Anayelipata ni aliyeshika jembe. Amelima pahali pa kwanza akakuta jiwe, akahama. Akalima pa pili akakuta jiwe. Weye umekaa kivulini unamcheka kiganja. Hata siku moja ulimuuliza amefika wapi na shamba?"

Akarudi kwenye karafuu zake. Na Bi Raya, kwa mara ya pili siku hiyo, hakuwa na ncha. Alitazama viganja vyake mwenyewe.

Nikainuka. Nikachukua karatasi moja katika zile tupu, jikoni nikachukua na chembe za wali uliobaki, maana gundi ya Maalim sikujua alikoificha, nikarudi nikasimama mbele ya kabati.

"Haya, Maalim. Sema, niandike. Lengo la nne."

Akanitazama kama ananipima nimeficha neno gani mdomoni. Sikuwa nalo. Akasema taratibu: "Masomo mafupi ya sauti. Yaingizwe kwenye simu za wazazi, hata simu ndogo yenye kadi. Mtoto asikilize huku anachambua."

Nikaandika, nikabandika juu ya ile alama. Halafu, kwa kuwa mtu hatubu yote kwa siku moja, nikauliza: "Na mwenye lengo hili atakaa wapi?"

"Hapa hapa. Atakayesafiri ni sauti."

Mwanangu, nisikufiche, hapo nililipenda lile lengo mara mbili zaidi.

Alhamisi kutwa tulichambua tena, safari hii kwa mujibu wa Maalim: yeye anasema, miye nachora mistari ya jedwali, Bi Raya anahesabu mafungu kwa sauti, na karafuu zikikauka uwanjani kando yetu. Maalim akaandika. Ijumaa asubuhi sura ilikuwa tayari na mtandao ukawa haupo. Pahali pekee pa nyumba yetu panaposhika mtandao ni nyuma, ndani ya banda la kuku. Basi msomi wa uzamili akaingia bandani amechuchumaa, kompyuta magotini, jogoo anamtazama kwa dharau, akaituma sura ya nne kabla ya adhana ya Ijumaa. Ilipokwenda akapiga takbiri, kuku wakaruka wote.

Daktari akaipitisha. Maalim alipomhadithia habari ya jamvi, alicheka mpaka tukadhani mtandao umekatika. Na alipovuka na yale makaratasi kwenda kuyaonyesha, aliulizwa na mwalimu mmoja mbona data zake zinanukia. Akajibu, "Zimechambuliwa na wenyewe."

Bado likabaki la sauti. Maalim alijirekodi mwenyewe, akawasikilizisha wanawe Bi Raya, na dakika ya tatu wawili wakalala. Bi Mize akasema, "Mpe mkeo. Mdomo anao, tena umekuwa ukizurura bila ya kazi." Nikarekodi miye, mle mle bandani, somo la kwa nini karafuu ikianikwa inapungua uzito na maji yake yanakwenda wapi. Maalim aliandika, miye nikalisema kwa mdomo wa kwetu, na katikati jogoo akawika. Tulitaka kumfuta, hakufutika, basi akasafiri na somo mpaka kwenye simu za wazazi.

Maalim hakuwa mtaalamu mshauri wa pahali popote. Amesomesha mpaka amestaafu, na hivi ninavyoandika yuko uwani anabishana na mjukuu kuhusu chaji ya nani. Lakini mwaka mmoja nilikwenda hospitali ya Chake kwa ajili ya jino, nikakaa kwenye benchi, nikamuuliza mtu kama foleni inakwenda. Msichana mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka kama aliyechomwa na sindano.

"Bibi, samahani. Sema tena."

Nikasema tena.

"Weye ndiye Bi Jogoo!" akapiga kelele, hospitali nzima ikanitazama. Alitoka Shumba. Miye Shumba sijafika mpaka leo.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa napaendea. Karafuu haichumwi mti mzima siku moja. Unachuma kilichoiva, unashuka, unarudi tena mti ule ule kwa tawi jengine, na hakuna anayekuita kigeugeu. Lengo nalo ni hivyo. Likikataa, usilikumbatie kwa kuogopa midomo ya watu, wala usiliruke kwa uvivu. Kaa nalo jamvini, ulichambue: jiulize ni la nani, litamfaa nani, na yule unayesema unamsaidia umewahi kumuuliza mikono yake ina kazi gani? Na lile uliloliacha usilionee haya. Hata makonyo hayatupwi. Yana mnunuzi wake na mafuta yake. Maalim asingeliona sikio la mtoto wa Shumba kama hakupita kwanza kwenye vishikwambi.

Na weye usiyekuwa na lengo la kubadilisha, uliyekaa pembeni na ulimi mtamu kama nilivyokuwa miye, fahamu kwamba mtu wako akibadilisha njia anahitaji mwenzake wa kumuuliza amefika wapi. Ukimcheka atanyamaza, na akinyamaza, siku simu itakapolia utajaza jamvi pahali pa jedwali.

Mwenyezi Mungu akujaalie mikono isiyokosa kazi na masikio yasiyokosa la kusikia. Malengelenge yako yapone yawe viganja vigumu, karafuu yako ipate jua, na jogoo wako awike pahali watu watakapokumbuka sauti yako kwa wema. Amin.